Ufunguo unao, barabara huna: jinsi maduka ya Hebron yalivyofungwa

Katikati ya mji wa Hebron, Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na jeshi la Israel, kuna barabara iitwayo Shuhada, yenye urefu wa kilomita moja hivi. Waislamu wa pwani yetu wanaujua mji huu kwa jina la Al-Khalil. Wakristo wanaukuta katika kitabu cha Mwanzo, kwenye habari za pango la Makpela. Barabara ya Shuhada ndiyo iliyokuwa ikiunganisha kaskazini na kusini ya mji. Stendi ya mabasi ilikuwa hapo, soko la jumla la mboga na matunda lilikuwa hapo, masonara walikuwa jirani, na anayekwenda kuswali Msikiti wa Ibrahimu alipita mbele ya maduka hayo kwenda na kurudi.

Leo sehemu kubwa ya barabara hiyo ni milango ya chuma ya rangi ya kijani, imefungwa mmoja baada ya mwingine, na Mpalestina haruhusiwi hata kuikanyaga lami iliyo mbele yake. Wenye maduka hawakuhama nchi. Wengi, wao au watoto wao, wanaishi mji huohuo, na ukiwauliza watakutolea hati na funguo. Hakuna aliyewaandikia kwamba duka si lao tena.

Watu wanaoiona mitaa hii kwenye picha hutazama mlango uliochomelewa wakadhani hapo ndipo kisa kilipo. Chuma ni sehemu ndogo. Duka la Hebron lilichukuliwa kwa tabaka nne: karatasi, chuma, barabara na muda, na iliyo nzito kuliko zote ni barabara.

Historia yenyewe ni hivi. Tarehe 25 Februari 1994, mwezi wa Ramadhani, wakati wa sala ya alfajiri, Baruch Goldstein, daktari na mlowezi wa Kiryat Arba, makazi ya Wayahudi kando ya Hebron, aliingia Msikiti wa Ibrahimu na bunduki akawaua waumini 29. Hatua za usalama zilizofuata ziliangukia upande wa waliouawa: Wapalestina wakawekewa kafyu, soko la jumla likafungwa, magari yao yakazuiwa Shuhada. Januari 1997 Itifaki ya Hebron ikaugawa mji. Eneo la H1, karibu asilimia 80, likawa chini ya Mamlaka ya Palestina. H2, asilimia 20 iliyobaki, lenye mji wa kale, masoko, msikiti na makazi ya walowezi, likabaki chini ya ulinzi wa Israel. Itifaki hiyo iliitaja Shuhada kwa jina, ikaahidi kwamba maisha ya kawaida yatarudi na soko la jumla litafunguliwa kama soko la rejareja. Marekani ikatoa fedha za kuikarabati barabara. Ikafunguliwa nusunusu, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Intifada ya pili, yaani uasi wa pili wa Wapalestina dhidi ya Israel, ilipoanza mwishoni mwa Septemba 2000, barabara ilifungwa, na safari hii hata kwa waendao kwa miguu.

Jeshi la Israel lina maelezo yake, na matukio yanayotajwa ni ya kweli. Machi 2001 mdunguaji wa Kipalestina alimuua mtoto mchanga wa Kiyahudi wa miezi 10. Novemba 2002 askari na walinzi 12 wa Kiisraeli waliuawa katika shambulio la kuvizia njiani kati ya Kiryat Arba na mji wa kale. Nyuma yake iko kumbukumbu ya mwaka 1929, Wayahudi 67 walipouawa Hebron. Jeshi likachora ukanda kuanzia Kiryat Arba upande wa mashariki hadi mtaa wa Tel Rumeida upande wa magharibi: sehemu kubwa yake gari la Mpalestina halipiti, na katikati yake hata mguu wake haupiti. Hata ukiyakubali yote hayo kuwa hatari za kweli, swali la mwenye duka halijajibiwa. Ni kwa nini gharama yote ya kuwalinda walowezi mia kadhaa ilipwe na wafanyabiashara wa upande mmoja tu, tena bila kikomo cha muda.

Hesabu iliyo makini kuliko nyingine ilifanywa mwishoni mwa 2006 na mashirika mawili ya haki za binadamu ya Israel yenyewe, B'Tselem na Chama cha Haki za Kiraia. Walipita mlango kwa mlango katika eneo linalozunguka makazi ya walowezi katikati ya mji. Walikuta maduka na biashara 1,829 zimefungwa, yaani asilimia 76.6 ya biashara zote za eneo hilo. Nyumba 1,014 zilikuwa tupu, asilimia 41.9. Katika biashara zile 1,829, zilizofungwa kwa amri ya jeshi zilikuwa angalau 440.

Rudia kuisoma namba hiyo ya mwisho. Ni kama robo. Biashara zilizobaki, zaidi ya elfu moja, hazikuwa na amri iliyolitaja duka lenyewe. Hakuna askari aliyekuja na mashine ya kuchomelea. Zilikufa kwa sababu mteja hakuweza kufika, mzigo haukuweza kufika, na kafyu haikutabirika. Katika miaka mitatu ya kwanza ya Intifada ya pili katikati ya mji ilikaa chini ya kafyu kwa zaidi ya siku 377, na kati ya hizo 182 zilifuatana, watu wakipewa vipindi vifupi vya kununua chakula. Muuza nyanya hawezi kuishi hivyo. Muuza vitambaa anaweza kuvumilia miezi miwili mitatu, kisha anahamia H1, anapanga chumba kipya, analipa kodi mbili, na mwisho anaacha ile ya kwanza. Kwenye vitabu, mtu huyu amefunga kwa hiari yake.

Ndiyo maana tunasema barabara ni nzito kuliko chuma. Duka linahitaji vitu vitatu kutoka nje: mteja anayepita bila kukusudia, gari la mzigo, na saa za kufungua zinazojulikana. Ukivikata vitatu hivyo hakuna haja ya kugusa kufuli. Chukua mfano wa duka la nafaka lililo mahali ambapo watu wanaruhusiwa kupita kwa miguu lakini magari hapana. Mzigo wa magunia 40 ya unga ya kilo 50 ni tani mbili. Lori linaishia kwenye kizuizi cha barabarani. Mkokoteni wa kusukuma unabeba magunia matatu au manne kwa safari, kwa hiyo ni safari kumi na zaidi, kila moja ikipita kwenye ukaguzi, na mahali penye geti la kuzunguka mkokoteni haupenyi, gunia linabebwa begani. Mtungi wa gesi wa kilo 12 vivyo hivyo. Gharama ya wabebaji inaingia kwenye bei ya unga, na mteja anayeweza kununua unga uleule upande wa H1 kwa bei ya chini hatakuja kukuonea huruma kila wiki. Ongeza hili ambalo wengi hawalifikirii: gari la zimamoto na la wagonjwa nayo husubiri kibali kwa njia ya uratibu na jeshi kabla ya kuingia. Duka likishika moto, dakika za kusubiri ndizo zinazoamua.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Amri ya kufunga eneo katika Ukingo wa Magharibi hutolewa na kamanda wa jeshi kwa kutumia amri ya jumla ya masharti ya usalama, ambayo tangu 2009 ina namba 1651. Kifungu cha 318 ndicho kinachompa mamlaka ya kutangaza eneo kuwa limefungwa. Nyuma yake ziko Kanuni za Ulinzi za Dharura za mwaka 1945, zilizotungwa na Waingereza walipoitawala Palestina, ambazo kanuni yake ya 125 inaruhusu jambo hilohilo. Wasomaji wa Kenya wanaijua familia hii ya sheria: hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 ilikuja na kafyu, pasi na maeneo yaliyofungwa. Waingereza waliondoka, kanuni zikabaki mezani zikingoja mtumiaji mwingine.

Mwenye duka anayeletewa zuio anatakiwa ahakikishe vitu vitano. Je, kuna amri iliyoandikwa, au ni neno la askari tu? Imetiwa saini na nani, na cheo chake kina mamlaka hayo? Ina ramani, na mstari wa ramani unapita mbele ya mlango au nyuma yake? Inaanza lini na inaisha lini? Na ni amri ya kufunga, au ni ya kutwaa?

Hilo la mwisho linakosewa sana, na kosa lake ni ghali. Amri ya kutwaa kwa mahitaji ya kijeshi inalikabidhi jengo kwa jeshi kwa muda, na kwa kanuni za Hague za 1907 inaambatana na wajibu wa kulipia matumizi. Wengi huikataa pesa hiyo, wakihofu kwamba kupokea kutasomwa kama kuridhia, na hofu hiyo ina msingi. Amri ya kufunga eneo hailitwai jengo. Haidai kitu chako. Inakwambia tu usiingie, na kwa kuwa haikuchukua kitu, hailipi kitu. Mmiliki anabaki mmiliki kamili wa kitu asichoweza kukifikia, na huenda akaendelea kudaiwa kodi na ada zake.

Kuhusu kuwepo kwa amri, kuna tukio ambalo kila mwanasheria anayeshughulikia Hebron analijua. Kwa miaka sita askari waliwazuia Wapalestina kutembea Shuhada. Chama cha Haki za Kiraia kilipoliandikia jeshi kuomba msingi wa kisheria wa zuio hilo, jibu lilikuja Desemba 2006: zuio hilo lilikuwa likitekelezwa kimakosa. Hapakuwa na amri halali inayolifunika. Watu wachache wakaruhusiwa kupita kwa siku kadhaa, kisha zuio likarudi. Miaka sita ya biashara iliondoka kwa amri ambayo haikuwepo. Kwa hiyo kudai nakala ya amri hakupotezi muda hata kidogo, ingawa mara nyingi jibu lake ni kwamba amri iliyokosekana sasa inaandikwa.

Hatua zinazofuata hupitia ofisi ya uratibu ya wilaya, iliyo chini ya utawala wa kiraia wa jeshi. Hapo ndipo unapoomba kuingia siku moja kutoa bidhaa. Ombi linalofaa huwa na kitambulisho cha kila atakayeingia, wabebaji wakiwemo, namba ya gari litakalosubiri nje, orodha ya vitu na saa zinazokadiriwa. Linaloharibika mara nyingi ni jina la mbebaji mmoja: akiwa na zuio la usalama, ombi zima linarudi. Afadhali orodha fupi ya watu wasio na doa. Kisha kuna pingamizi kwa mwanasheria wa jeshi, na baada ya hapo Mahakama Kuu ya Haki mjini Jerusalem, ambako Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi anaruhusiwa kufungua shauri. Mahakama hiyo huuliza kama hatua inalingana na hatari, na kwa Hebron imekuwa tayari zaidi kukubali maelezo ya kamanda kuliko kuyapima.

Fidia ina mtego wake. Sheria ya Israel ya dhima ya serikali inaiondolea serikali lawama kwa vitendo vya vita. Marekebisho ya 2002 yaliupanua wigo wa vitendo hivyo na kuweka masharti ya muda: taarifa ya maandishi ndani ya siku 60 tangu tukio, na kesi ndani ya miaka miwili. Siku 60 kwa mtu aliye chini ya kafyu, asiyeruhusiwa kufika dukani kuhesabu kilichoharibika, ni sharti lililotungwa ili wengi washindwe. Waliofanikiwa kuliwahi walipeleka taarifa fupi kwanza, yenye anwani, tarehe na aina ya hasara, wakaacha hesabu kamili ije baadaye. Aliyesubiri apate picha za ndani alichelewa.

Tabaka la chuma linastahili kuangaliwa kwa karibu. Milango mingi ya Shuhada ni mabawa mawili ya bati la chuma juu ya fremu, yenye komeo na tumbuu ya kufuli. Kuifunga kwa kuchomelea hakuhitaji kazi kubwa: alama mbili tatu za moto mahali mabawa yanapokutana, moja kwenye komeo, pengine kipande cha nondo kikivuka mabawa yote mawili. Fundi mwenye mashine ya kukatia angeyaondoa yote kwa dakika chache. Kinachomzuia ni kwamba kituo cha askari kiko hatua kadhaa kutoka hapo, na atakayeukata atakamatwa.

Lakini alama ile ya moto ina kazi nyingine inayofanyika polepole. Moto wa kuchomelea unaunguza rangi na zinki kuzunguka kiungo, na hapo ndipo kutu huanzia. Hebron iko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kuna mvua za baridi, na baadhi ya miaka theluji. Maji huteremka kwenye bati, hutua kwenye bawaba za chini, na baada ya miaka kumi bawaba inakuwa imegandamana na fremu. Siku ya kufungua, hata alama za moto zikikatwa, mlango hauzunguki. Inabidi kung'oa fremu, na fremu imefungwa kwenye jiwe la kuta kongwe.

Ndani ni habari nyingine. Maduka ya mji wa kale yamejengwa kwa mawe ya chokaa na dari za kuba, na juu yake ziko nyumba. Nyumba ya juu ikihamwa, hakuna anayezibua mfereji wa paa. Maji yanasimama, yanatafuta ufa, yanashuka kwenye kuba na kuyeyusha chokaa inayoshika mawe. Magugu yanaota kwenye nyufa, mizizi inasukuma. Anayeishi Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kuelezwa: nyumba ya mawe na chokaa inaishi kwa kupumua na kwa kuzibwa ufa kila mwaka, na ukiifunga bila hewa inaanza kubomoka kutoka ndani. Kamati ya Ukarabati ya Hebron, iliyoundwa 1996 na kupata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 1998, imetengeneza mamia ya nyumba na maduka ya mji wa kale ili watu wabaki, kwa sababu jengo lenye mtu ndani ni gumu kulifunga. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka mji wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia, na papo hapo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ila kamati hiyo haiwezi kukarabati paa la duka ambalo mafundi wake hawaruhusiwi kulifikia.

Bidhaa huharibika kwa utaratibu unaotabirika. Mboga na nyama ni siku chache. Unga na nafaka huingia wadudu ndani ya miezi. Vitambaa vinashika ukungu kuanzia kona za chini, ngozi ya viatu inakauka na kupasuka, mipira ya milango ya majokofu inagandamana. Dhahabu hutolewa mapema kwa kuwa inabebeka, ndiyo maana masonara wengi waliweza kuanza upya kwingine na wauza mbao hawakuweza. Kinachosahaulika ni daftari la madeni. Duka la mtaa linauza kwa mali kauli, na daftari likifungiwa ndani, madeni yote ya mtaa hayana ushahidi. Baada ya mwaka mmoja mdaiwa mwaminifu hakumbuki tena kiasi, na asiye mwaminifu hana haja ya kukumbuka. Ukiruhusiwa kuingia kwa nusu saa, chukua daftari, mikataba na risiti kabla hujagusa mzigo.

Nyuma ya mlango mmoja kuna haki za watu kadhaa, na hapa muda unafanya kazi yake. Ukingo wa Magharibi una ardhi nyingi isiyosajiliwa, kwa sababu Israel ilisimamisha uandikishaji wa hati mwaka 1968. Umiliki unathibitishwa kwa kumbukumbu za kodi ya majengo, mikataba ya zamani na vyeti vya mirathi. Babu aliyefungiwa duka mwaka 1994 akifariki, hisa zinagawanyika kwa watoto, kisha kwa wajukuu, na baadhi yao wako Jordan au Ghuba. Kesi inayohitaji saini za warithi wote inakuwa kazi ya miezi. Familia zinazofanya vizuri hutoa cheti cha mirathi mara tu baada ya msiba na kumpa mmoja uwakala wa maandishi, hata kama duka halifunguki.

Sehemu kubwa ya mali ya mji wa kale ni wakfu, na wakfu mashuhuri kuliko zote ni ule wa Tamim al-Dari, sahaba wa Mtume. Mwenye duka wa wakfu ni mpangaji, pengine kizazi cha tatu, aliyelipa kilemba kikubwa, yaani ada ya kupewa chumba, alipoingia na anayelipa kodi ndogo kwa mwaka. Kilemba hicho ndicho mtaji wake. Barabara ikifungwa, thamani yake inakuwa sifuri, na hakuna pa kuidai: msimamizi wa wakfu anasema jengo lipo, jeshi linasema halikuchukua kitu.

Soko la jumla linaonyesha mwisho ambao wapangaji wanauogopa. Ardhi yake ilikuwa ya Wayahudi kabla ya 1948. Jordan iliiweka chini ya msimamizi wa mali za adui, na manispaa ya Hebron ikapangishwa kama mpangaji anayelindwa na sheria. Lilifungwa 1994 kwa sababu za usalama. Mwaka 2001 walowezi wakaingia kwenye vibanda vilivyofungwa na kuvigeuza makazi, wakaondoka mapema 2006 baada ya makubaliano na jeshi. Desemba 2019 waziri wa ulinzi wa Israel, Naftali Bennett, alitangaza kuanza kwa mpango wa mtaa mpya wa Kiyahudi mahali hapo. Hoja ya wanasheria wa serikali ilikuwa kwamba manispaa haitumii soko tena, kwa hiyo kinga yake ya upangaji inaweza kuvunjwa. Waliozuiwa kulitumia wakaambiwa wamelipoteza kwa kutolitumia. Hatua inayoitwa ya muda ikikaa miaka 25, hutengeneza yenyewe ushahidi wa kuifanya ya kudumu, na hapa ndipo tunapoona dhuluma iliyo wazi kuliko zote katika kisa hiki.

Ndiyo maana kila amri inapofanywa upya inafaa kupingwa kwa barua, hata ya ukurasa mmoja, hata ukijua itakataliwa: ninataka kurudi, nina bidhaa, nina mpango wa kufungua, nimezuiwa tarehe hii na amri hii. Barua kumi za namna hiyo katika jalada zinajibu hoja ya kutotumia. Risiti ya kodi ya pango iliyolipwa kwa jina la duka lililofungwa inaonekana kama pesa ya kutupa, lakini ina kazi hiyohiyo.

Wale ambao bado wamefungua ndani ya soko la kale wanafanya biashara chini ya wavu wa waya. Uliwekwa juu ya uchochoro kwa sababu walowezi wa ghorofa za juu walikuwa wakitupa mawe, chupa na taka. Wavu unazuia mawe. Maji machafu hauzuii, kwa hiyo baadhi ya wauzaji wameongeza turubai au mabati chini yake, na uchochoro ukawa giza mchana. Kwenye Shuhada, familia zilizobaki ambazo milango yao ya mbele imezibwa hutoka kwa kupitia mlango wa nyuma au paa la jirani.

Kuanzia mwisho wa Oktoba 2015, baada ya wimbi la mashambulizi ya visu, Tel Rumeida na sehemu ya Shuhada zilitangazwa eneo la kijeshi. Wakazi waliandikishwa na kupewa namba, na asiyekuwa kwenye orodha hakuingia hadi Mei 2016. Mteja si mkazi, kwa hiyo orodha hiyo pekee ilitosha kufunga duka. Januari 2019 Israel ilikataa kuongeza muda wa waangalizi wa kimataifa waliokuwa wakiandika matukio ya mji tangu miaka ya 1990, na kumbukumbu huru ambazo mwenye duka angeziambatisha kwenye kesi zikapungua. Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 mitaa kadhaa ya H2 iliwekwa tena chini ya kafyu, kisha watu wakaruhusiwa kutoka saa chache kwa siku maalumu.

Amri zote zikifutwa leo, kufungua duka moja la Shuhada kutataka mpangilio huu. Gari la mzigo liruhusiwe kufika, kwa barabara nzima, maana kufungua mlango mmoja kwenye barabara iliyokufa ni kumwingiza mwenyewe kwenye hasara ya pili. Mhandisi aingie kabla ya mfanyabiashara, aigonge kuba na kusikiliza, aweke nguzo za muda palipolegea. Paa lizibwe kwa chokaa. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe. Fremu ing'olewe, mlango mpya uwekwe, waya zote za umeme zibadilishwe kwa kuwa panya wamekula ganda. Warithi watie saini, mkataba wa wakfu uandikwe upya kwa kodi wanayoweza kuilipa wakati wateja bado wanarudi. Leseni, mita ya umeme, maji. Mwenye mtaji na mafundi anaweza kumaliza kwa miezi mitatu hadi minne. Hatua ya kwanza kati ya hizo, ya gari la mzigo, ndiyo pekee ambayo haiko mikononi mwake.